Gereza Lilikuwa Kanisa, na Mimi Nimelicheza Ngoma Ndani

Kabla uskroli uende zako, nijibu kitu kimoja tu. Neno "gereza" tulilitoa wapi?

Mimi nilidhani ni Kiarabu, kama maneno yetu mengi mazito. Nikauliza kwenye kikundi chetu cha mashairi hapa Majengo, mmoja akasema ni Kihindi, mwingine akasema hilo ni neno la polisi tu. Hakuna aliyepata. Gereza limetoka kwa Wareno. Kwao ni igreja, na maana yake ni kanisa. Ndiyo, kanisa, la kusalia. Midomo ya pwani ikaiangusha ile i ya mbele, ikachomeka e katikati ya g na r kwa sababu Kiswahili hakipendi konsonanti zikibanana kama abiria wa matatu, na ile j yao laini ikawa z. Gereza.

Na neno "kanisa" lenyewe je? Hilo ndilo la Kiarabu. Yaani watu waliotuletea Uislamu pwani hii ndio waliotupa jina la nyumba ya Wakristo, na watu waliokuja na msalaba umechorwa kwenye tanga za meli wametuachia jina la mahali pa kufungia binadamu. Siku nilipojua hii nilicheka peke yangu kwenye tuktuk mpaka dereva akaniangalia kwa kioo. (Tusiwaonee lakini. Walituachia pia meza, leso na bendera. Na nanasi.)

Sasa, stori ninayotaka kuwapa leo si ya kamusi, ni ya jengo. Kuna mahali kanisa liligeuka gofu, gofu likawa ngome, ngome ikawa jela, jela ikawa karakana ya treni, ikaja kuwa uwanja wa tenisi wa akina mama, na leo ni jukwaa la muziki na sinema. Yote hayo pamoja, ndani ya ukuta mmoja. Naongea kuhusu Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe, Unguja.

Nianze na kwa nini nilienda, manake sikuenda kama mtalii.

Kikundi chetu tuko kumi na wanne. Wengi tunaandika mashairi, wawili wanapiga ngoma, na mmoja ana gitaa la nyuzi tano kwa sababu ya sita ilikatika na hatujapata pesa ya nyingine. Tulikuwa tunakutana Jumamosi jioni nyuma ya kinyozi cha rafiki yetu. Mwenye nyumba akapandisha kodi, kinyozi akahama, tukabaki barabarani. Mmoja wetu akasema, si kuna lile jengo la zamani la umma, limekaa tu, paa limetoboka, wapangaji ni popo? Sitalitaja jina, kwa sababu utakayoyasoma mwisho wa posti hii bado hayajaisha. Tukaenda. Hatukuingia hata ndani, tulikaa kwenye ngazi za nje. Hata dakika kumi hazikuisha, askari huyo. Barua yenu iko wapi? Hatuna. Hiyo kamera ni ya nini? Ni simu, afande. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananizunguka kichwani: "Hapa ni mahali pa historia, vijana. Si mahali pa kelele."

Tukaondoka kwa heshima, mzee wa watu anatafuta riziki kama sisi. Lakini nilikasirika njia nzima. Kwani historia ilikuwa kimya? Hao waliojenga hayo majengo walikuwa wananong'ona?

Ndio nikakumbuka kuna mahali pa historia panapopigwa kelele kila mwaka na ukuta haujaanguka. Nikaweka akiba, nikauza spika yangu ya zamani, na Februari iliyofuata nikapanda basi la usiku. Mombasa, Lunga Lunga, tukashuka tukagonga pasi, tukavuka Horohoro, Tanga nimelala, Dar asubuhi nimekauka shingo, halafu boti. Ukifika bandarini Unguja ukatembea na ufuo kuelekea bustani ya Forodhani, utaiona mbele yako: ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, juu una meno meno, na minara ya mviringo pembeni. Kama Fort Jesus ni simba, hii ni paka mzee aliyejikunyata. Ni ndogo kuliko nilivyotarajia.

Basi sikizeni ilivyokuwa.

Wareno walianza kupita maji haya mwaka 1498, Vasco da Gama huyo mnayemjua kwa mnara wake Malindi. Mwaka 1503 nahodha mwingine, Ravasco, akafika Unguja na mizinga na kumlazimisha mtawala wa kisiwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Hakukuwa na mkutano wa maoni ya wananchi. Karibu miaka mia moja baadaye, kati ya 1598 na 1612, wakajenga kanisa pale ufukweni. Karibu yake pakawa na nyumba ya biashara. Jaribu kuliona: kijiji cha wavuvi na wafanyabiashara Waislamu, miskiti yao, majahazi yao, halafu hapo mbele kabisa, linapotazama bahari, kanisa la mawe la watu wachache kutoka mbali. Lilijengwa kwa ajili ya sala, sikatai. Lakini pia lilijengwa ili lionekane.

Halikukaa. Mwaka 1652 Waomani wakavamia Unguja kuwafukuza Wareno. Halafu ikaja ile vita kubwa ya kwetu Mombasa: kuanzia Machi 1696 Waomani wakaizingira Fort Jesus, wakaizingira miaka miwili na zaidi, watu ndani wakifa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, mpaka Desemba 1698 ikaanguka. Malkia wa Unguja wakati huo, Fatuma, alikuwa upande wa Wareno, na baada ya ushindi Waomani wakamchukua wakampeleka Oman. Hapo ndipo wakahitaji ngome kisiwani, ya kuwazuia Wareno wasirudi. Baadaye kazi yake ikawa pia kuwazuia Wamazrui wa Mombasa. Ndiyo, sisi watu wa Mombasa tulikuwa tunaogopwa, mwambie na mwenzako.

Wakaijenga kati ya 1698 na 1701, na wakaijenga wapi? Palepale kwenye kanisa. Hawakulibomoa likaisha kabisa. Mawe yalikuwa mazuri, kuta nyingine zilikuwa zimesimama, kwa hiyo sehemu ya kanisa na ile nyumba ya biashara zikamezwa ndani ya ukuta wa ngome. Mpaka leo mabaki yapo kwenye ukuta wa ndani, ukijua pa kutazama.

Hii ilinifanya nisimame pale uani muda mrefu kidogo. Sisi tukisikia kanisa limeharibiwa kukajengwa ngome tunawaza chuki tupu, dini moja imeipiga dini nyingine. Ilikuwepo hiyo, sitajifanya. Lakini ukiangalia ukuta unaona pia fundi aliyekuwa na kazi ya kumaliza na hakutaka kuchonga jiwe jipya kama la zamani lipo. Tatizo la bajeti si la leo.

Karne ya 19 ngome ikawa jela. Wahalifu, na wale walioitwa wahalifu na wenye nguvu, walifungwa humo, na adhabu za kifo zilitekelezwa nje kidogo ya ukuta wa mashariki. Watu wa mji waliiita Gereza. Burton, yule msafiri Mwingereza aliyefika Unguja mwisho wa 1856, naye kwenye kitabu chake anaitaja ngome hii kwa jina hilohilo, kwa matamshi yake ya kujikwaa. Sasa unganisha. Kwa Mreno igreja ni mahali unaenda kwa hiari kuomba usamehewe. Miaka mia mbili baadaye, juu ya mawe yaleyale, mtu anaburutwa kupelekwa Gereza na hasamehewi. Neno halikuhama, mahali hapakuhama. Waliohama ni wenye funguo.

Hapo katikati nitapita haraka. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipojenga reli ndogo ya kutoka mjini hadi Bububu, kama kilomita 11 hivi, ngome ikatumika kama bohari na karakana yake. Ndiyo, Unguja ilikuwa na treni kuanzia 1905, na ilikufa zamani hata bibi zetu hawajazaliwa. Mwaka 1949 ngome ikakarabatiwa na ua wake ukawa uwanja wa tenisi wa akina mama. Napenda sana hiki kipande. Natamani kuna mtu alipiga picha ya siku ya kwanza, mpira wa kwanza kugonga ukuta wa kanisa-ngome-jela, bibi mmoja amejishika kiuno anacheka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 hiyo nayo ikafa, mahali pakakaa bila kazi ya maana.

Halafu 1994 mtu akapata akili. Sehemu ya ndani ikageuzwa kuwa ukumbi wa wazi: ngazi za mawe za kukalia, zimepangwa nusu duara zinateremka kuelekea jukwaani, na nyuma ya jukwaa hakuna pazia wala bango. Nyuma yake ni ukuta wenyewe wa ngome. Hawakuweka paa. Hawakupaka rangi ya benki. Waliukalisha ukumbi pale kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kitanda.

Na vitu vikaanza kuja. Mwaka 1998 tamasha la filamu, ZIFF, ambalo jina lake la Kiswahili ni tamu kuliko la Kizungu: Tamasha la Nchi za Jahazi. Mwaka 2004 Sauti za Busara, la muziki, kila Februari. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alipanda jukwaa la tamasha hili zaidi ya mara moja kabla ya kufariki Aprili 2013. Fikiria hiyo sauti yake, ile ya changarawe na asali, inagonga ukuta ambao ulijengwa ili sauti za watu zisitoke nje.

Usiku wangu wa kwanza nilikaa ngazi ya tatu kutoka juu. Jiwe bado lilikuwa na joto la mchana, unalisikia kupitia suruali. Kundi la taarab lilikuwa linafunga mitambo, fidla tatu, ganuni, akodiani, wazee wamevaa kanzu nyeupe pee. Kando yangu alikuwa dada mmoja kutoka Dar, mwanafunzi, amekuja na wenzake. Nikamwambia, unajua hapa palikuwa kanisa? Akanitazama kama nimemwambia nina ndege yangu.

"Kanisa? Humu?"

"Humu humu. Halafu jela."

"Wewe kaka, acha niangalie muziki."

Nikaacha. Lakini nikafanya utafiti wangu wa kishamba: usiku ule na uliofuata niliuliza watu kumi na moja. Wanne walijua ni ngome ya Waarabu. Wawili walijua ilikuwa jela. Kanisa, hakuna hata mmoja. Nilicheza ngoma mpaka saa sita usiku na nilifurahi, sitadanganya, ni moja ya siku bora za maisha yangu. Lakini kila nikipumzika nilikuwa naangalia ule ukuta wa mashariki na najua nje yake kulifanyika nini, na nahisi kama niko kwenye sherehe ya nyumba ambayo mwenye nyumba hajatambulishwa.

Kesho yake nikaenda Mkunazini, kutembea kidogo tu kutoka hapo. Pale hadithi ni ya kinyume: palikuwa soko la watumwa, lilipofungwa 1873 Waanglikana wakaanza kujenga kanisa kuu juu yake mwaka huohuo. Unaweza kusema mengi kuhusu uamuzi huo, na mimi nina mengi. Lakini uani wameweka sanamu, kazi ya msanii kutoka Uswidi, Clara Sörnäs, ya 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, vifuani tu ndio wako usawa wa ardhi, shingoni wana minyororo, na minyororo ni ya kweli. Huwezi kutoka pale bila kujua palikuwa nini. Hata ukija kwa ajili ya selfi, utaondoka umenyamaza.

Kwa hiyo mji mmoja, mahali pawili. Mkunazini panakukumbusha mpaka unaumia. Ngome Kongwe inakuacha ucheze. Usinielewe vibaya, sitaki kila tamasha lianze na matanga. Nataka dakika tano. Mtu mmoja apande na maiki kabla ya bendi ya kwanza aseme: hapa palisaliwa, hapa palifungwa watu, hapa akina mama walicheza tenisi, sasa karibuni. Dakika tano, halafu piga ngoma. Naamini hata ngoma ingelia tofauti.

Kuna jambo la pili lililonisumbua, na hili lilinivunja maringo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani posti ya kuwasifia.

Usiku wa mwisho nilitoka nje nikanywe juisi ya miwa Forodhani. Muziki ulikuwa unasikika vizuri kabisa mpaka baharini. Mzee aliyekuwa anakamua miwa alikuwa anatikisa kichwa kwa mdundo. Nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamuuliza kama amewahi kuingia ndani wakati wa tamasha.

"Mie muziki huu nausikia miaka mingi, mwanangu," akasema. "Jukwaa sijaliona."

"Kwa nini, mzee?"

"Nikiingia, nani atakamua miwa?"

Alisema akicheka, hakuwa analalamika. Na ni kweli bei ya mwenyeji si bei ya mgeni, mwenyeji analipa kidogo. Ni kweli tamasha linaanza na maandamano ya barabarani, ngoma na vikaragosi na watoto, ambayo hayana tiketi. ZIFF nao wamekuwa wakibeba filamu kuzipeleka vijijini, Unguja na Pemba. Tena kuendesha kitu kama hiki si mchezo: mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kabisa, pesa haikutosha, ikarudi 2017. Kwa hiyo anayesema "fungueni geti bure tu" aje pia na jibu la nani analipa umeme. Lakini yule mzee amekaa hatua hamsini kutoka kwa jukwaa na hajaliona. Kanisa lilijengwa pale lionekane na watu ambao hawakulihitaji. Ngome ilijengwa kuwafungia watu nje, jela kuwafungia ndani. Sasa ni mahali pa sanaa, na ukuta bado unafanya kazi yake ya zamani, kidogo kidogo, kwa adabu.

Nilimaliza juisi nikabaki nimesimama hapo. Ukisimama Forodhani ukatazama ngome, kushoto kwake kuna Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Au niseme kuna linalobaki. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka, mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafa. Lilikuwa likikarabatiwa, kwa hiyo siwezi kuja hapa kuwaambia eti lilianguka kwa sababu lilisahaulika. Lakini lilikuwa limekaa miaka limefungiwa watu wa kawaida, na jengo lililofungwa halina mtu wa kusema "jamani, ile boriti ya juu imeanza kulia." Ngome Kongwe ni nzee kuliko Jumba la Maajabu kwa karibu miaka mia mbili. Inakanyagwa na maelfu ya watu kila Februari, na imesimama. Nyingine yake ni unene wa ukuta, najua. Lakini mahali panapotumika hupata fundi haraka.

Sasa turudi nyumbani.

Nikiwa darasa la sita shule ilitupeleka Fort Jesus. Ninachokumbuka ni jua na mandazi. Juzi nimerudi, mara hii na macho. Mwaijua Fort Jesus: Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, na ndani wakaweka kanisa. Mabaki ya kanisa hilo bado yako uani, misingi tu sasa, na nina uhakika mkubwa kwamba mandazi yangu ya darasa la sita niliyala nimeikalia misingi hiyo. Kwa hiyo igreja ilikuwepo Mombasa pia. Na kama Unguja, ngome ikaja kuwa jela: Waingereza waliifanya gereza rasmi kuanzia 1895 mpaka 1958, halafu ikachimbwa na wanahistoria, ikafunguliwa kama makumbusho, na 2011 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kanisa, ngome, gereza, makumbusho. Hatua chache tu pungufu ya Unguja.

Na kuna kitu ndani ambacho nataka nyote mkaangalie. Wamehifadhi kipande cha lipu ya zamani ambacho askari na mabaharia wa Kireno walichora. Walitumia makaa na udongo mwekundu. Kuna meli, nyingi sana. Kuna samaki, kuna watu. Hawa walikuwa vijana kama sisi, wametumwa miezi ya safari kutoka kwao, joto, homa, mshahara haujafika, hawana la kufanya usiku. Wakachora ukutani vyombo ambavyo vingewarudisha nyumbani. Nimesimama mbele ya hizo meli nikamkumbuka yule askari wetu na "si mahali pa kelele". Msee, ukuta wa kwanza wa maana katika mji huu ulikuwa na graffiti kabla hata lipu haijazeeka. Leo tunaiweka nyuma ya kamba na tunalipa kiingilio kuiona.

Sisemi tupewe makaa tukachore Fort Jesus. Kuna majengo ambayo kazi yake sasa ni kutunzwa, na wanaoyatunza wanajua kuliko mimi. Ninasema mji huu una majengo mengine, madogo, yasiyo na kamba wala kiingilio wala mtu, yanayokufa taratibu yakisubiri aidha mwekezaji au mvua ya Mei, yoyote itakayotangulia. Na kila tukiomba jioni moja tunaambiwa tuheshimu historia. Heshima gani hiyo ya kuliacha jengo lioze likiwa limefungwa?

Tumeandika barua. Nilifikiri itachukua nusu saa, ikachukua wikendi mbili, kwa sababu kila tulichokiona Unguja kilitaka kuingia. Mwishowe tukabakisha haya: tunaomba ngazi za nje na ua wa lile jengo, jioni moja kwa mwezi, saa kumi mpaka saa moja. Hatutapigilia msumari ukutani. Tutafagia kabla na baada. Hakuna kiingilio, na wauza mahamri na mama wa viazi karai walio nje ya geti wanakaribishwa kuleta meza zao ndani ili nao waone. Na kabla ya shairi la kwanza, kila mara, mtu mmoja atasoma dakika tano: jengo lilijengwa na nani, likatumika kwa nini, nani aliumia humo. Mwenzetu wa gitaa ndiye amejitolea kusoma mara ya kwanza. Ameshaanza kuwahoji wazee wa mtaa, na yale anayoleta ni mazito kuliko shairi lolote tulilo nalo.

Nilipeleka barua mwenyewe, nimechomekea shati. Dada wa mapokezi aliipiga muhuri, akasoma mstari wa kwanza, akatabasamu, akaniambia mkubwa hayupo, nirudi Jumanne. Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Nimeenda Jumanne zote. Ya mwisho nilimkuta yule askari wa ngazi getini, akanikumbuka, akaniuliza kama bado tuna zile ngoma mbili.

Kesho ni Jumanne.